Niliutunga Mimi Wimbo Uliomponza Ndugu Yangu

Nina miaka arobaini na sita. Sina mume, sina mtoto, na sina kesi mahakamani. Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza kuliko yote... Mtashangaa! Nani huumia kwa kukosa kesi? Nipeni nafasi niwaeleze polepole. Kazi yangu ni kufundisha watoto kusoma, na nimezoea kueleza jambo mpaka yule aliyekaa nyuma kabisa aelewe.

Ninaishi Kismayo, mtaa wa pwani, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo. Kwetu hasa ni kisiwa cha Chovai. Vita vilipotutoa, mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na mdogo wangu Lali alikuwa wa miaka mitatu. Mama alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Lali nilimbeba mimi. Tulikaa kambini Mombasa miaka mingi. Huko nilijifunza kusoma na kuandika Kiswahili hiki mnachokisoma, na huko mama alitutoka. Tuliporudi upande huu, tulirudi wawili tu.

Lali alipata kazi kwa mafundi wa mashua hapa pwani, akawa fundi kweli kweli. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kalafati, yaani kushindilia pamba iliyolowa mafuta ya papa katikati ya ubao na ubao ili maji yasipenye. Huwezi kuifanya kwa haraka. Unapiga nyundo ya mti, tok tok, tok tok, kutwa nzima. Na Lali alikuwa hawezi kupiga nyundo bila kuimba! Alikuwa na sauti mbaya, Mungu anisamehe, lakini aliimba tu. Mafundi wenzake walikuwa wakimwambia, "Lali, nyamaza, utawafukuza samaki!" Naye alicheka, akaendelea.

Mimi nami nina kipaji changu. Ninatunga.

Kwetu, harusini, wanawake hugawanyika pande mbili. Mtaani kwetu ni sisi wa Chovai na wenzetu waliotoka kisiwa cha Ngumi. Tunashindana kwa nyimbo. Upande mmoja unawapiga wenzao kijembe, na wale wanajibu hapo hapo. Mgeni akiingia ua huo anaweza kudhani tunataka kuuana! Lakini ni mchezo wenye sheria zake, na sheria hizo kila msichana wa kwetu hufundishwa kabla hata ya kufundishwa kupika.

Ya kwanza, hapana kukasirika. Neno lililosemwa mle ndani ya ua halidaiwi nje. Simu zote huwekwa kikapuni mlangoni. Mnaruhusiwa kucheka kazi ya mtu, ndevu zake, uvivu wake, chombo chake kinacholala upande. Lakini maiti haimbwi. Aliyekufa hatajwi, hata kwa mafumbo.

Ya mwisho ni sahani. Asubuhi ya pili, yule aliyewachoma wenzake zaidi huamka mapema, akapika kitu kitamu, akakipeleka nyumbani kwa aliyechomwa, wakala pamoja. Mkishakula, neno limekwisha. Kabla ya sahani kuliwa, ule wimbo hauruhusiwi kuimbwa popote, hata kwa kunong'ona. Bibi yangu alikuwa akisema kuwa sahani hiyo haipelekewi njaa, inapelekewa damu ya mtu, ipate kupoa.

Sheria hizi nilizijua. Niliwafundisha wengine! Nilivunja zote...

Nilikuwa na rafiki, Zeinabu. Yeye wa Ngumi, mimi wa Chovai, lakini urafiki wetu ulianza kambini tukiwa bado na misuko ya kisichana. Mumewe, Athumani, naye ni fundi wa mashua, na alikuwa akifanya kazi hatua ishirini tu kutoka alipokuwa Lali. Walisalimiana, waliazimana vifaa, hawakuwa na ugomvi wowote.

Athumani alikuwa na mdogo wake aitwaye Shee. Alimuundia mashua ndogo, Shee akaenda nayo baharini siku tatu, na siku ya nne hakurudi. Watu walisema wimbi. Sote tulisema wimbi. Tulikwenda kulia, tukapika, tukarudi kwetu.

Baada ya mwaka mmoja hivi, tukiwa tunafua nguo uani kwangu, Zeinabu aliacha ghafla kukamua shuka, akaniangalia. Akaniambia haikuwa wimbi. Akaniambia Shee alikuwa akimhimiza kaka yake, kila siku "bado tu, bado tu?", na Athumani akafanya haraka. Kulikuwa na mshono mmoja chini, karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, na mshono huo hakuujaza pamba sawasawa. Alikusudia kurudia, akasahau. Alikumbuka siku ile Shee hakurudi.

"Hata akila, mkono husimama njiani," Zeinabu alisema. "Naona tonge limesimama, najua anauona ule mshono. Mwanaesha, hili hakuna mchu anayelijua ila mimi na yeye na Mungu. Sasa na wewe."

Nikamshika mikono yenye povu la sabuni. Nikamwambia, limeingia hapa, halitoki.

Basi ikaja harusi moja kubwa mtaani. Siku tatu kabla yake, nilikuwa jikoni nakanda unga huku natunga. Nilitaka kitu kikali, maana harusi iliyotangulia wa Ngumi walitushinda, nikatiwa aibu. Wasomaji wenzangu, mtungaji akitaka kitu kikali mkono wake huenda penye kisu kikali kilicho karibu... Bila kujua nilivyofika, nikawa na mistari minne:

Fundi ulikuwa mbio,
pamba hukuieneza;
maji hayana kilio,
nduguyo yamemmeza.

Niliposikia mstari wa nne kichwani mwangu, nilijua nimefanya kosa. Nikajiambia, huu hautaimbwa, natunga tu kujifurahisha. Lakini mistari miwili ya kwanza ilikuwa na mahadhi matamu! Nikawa naiimba kwa sauti huku nakanda. Ile miwili ya mwisho sikuthubutu kuitoa mdomoni hata nikiwa peke yangu.

Lali aliingia kuchukua chai. Akasimama mlangoni, akatega sikio.

"Dada, huo mpya?"

"Toka hapa, ya wanawake haya."

"Lakini mbona ni ya kwetu mafundi! Fundi ulikuwa mbio, pamba hukuieneza... Huu ni wa kumwimbia mwanafunzi mvivu. Nipe wote."

Nikamfukuza kwa mwiko. Alitoka akicheka, na chai yake mkononi, akiimba mistari yangu miwili kwa ile sauti yake mbaya.

Siku ya harusi, alasiri, ua ulijaa. Tulianza vizuri. Tulicheka, wao wakacheka. Kisha upande wa Ngumi wakaleta hii:

Kuna fundi wa Chovai,
ndevu zimefika tumbo;
dadake hampi chai,
mpaka aimbe wimbo.

Vigelegele! Watu wakaanguka wakicheka. Kila mtu alijua ni Lali, maana alikuwa na miaka thelathini na saba, hajaoa, anapakuliwa chakula na mimi. Hata wa kwetu walicheka. Mmoja akanipiga begani, "Mwanaesha, wamekuweza leo!" Nikatazama upande wa pili, nikamwona Zeinabu anacheka mpaka anafuta machozi. Kicheko cha rafiki, hakikuwa na sumu hata kidogo. Mimi nilikiona kama kofi.

Je, lilikuwa jambo la kukasirikia? Kijembe cha chai na ndevu? Ndani ya sheria kabisa! Lakini mimi niliyemlea Lali mgongoni nilihisi wamenivua nguo. Nikasimama. Nikaimba mistari yote minne.

Nilipomaliza wa nne, wa kwetu, ambao hawakujua kisa cha mshono, wakaona nimetunga jambo la ajabu, wakapasua vigelegele. Wa Ngumi walijua ni fundi yupi kati yao ambaye mdogo wake alizikwa na maji. Zeinabu aliokota viatu vyake, akatoka navyo mkononi, miguu mitupu.

Nami nilifanya nini? Nilikaa nikapongezwa! Ndiyo, nasema kweli. Nilifurahi.

Asubuhi niliamka na aibu kidogo. Nikakaanga kaimati, nikazimwagia shira, nikazipanga kwenye sahani yangu ya maua. Nilikuwa nimeshajifunga leso ya pili kutoka, mlango ukagongwa. Walikuwa wanawake wawili wa kwetu wamekuja kunipongeza. Baada yao wakaja wengine watatu.

"Mwanaesha, ulimi huo umeunoa kwa nani?"

"Wamelala na njaa wa Ngumi, nakwambia!"

Nikakaa. Nikawapa kahawa. Sahani niliifunika kwa kawa, nikajiambia nitaipeleka baada ya adhuhuri. Nilitaka kusikia sifa kidogo tu zaidi... Mpaka leo nikikaa peke yangu najiuliza: zile sifa zilikuwa na ladha gani? Siikumbuki hata moja.

Kumbe kikapu cha simu mlangoni kilikuwa na tundu. Mtu mmoja, sijui nani na sikutaka kujua tena, aliingia na simu yake kifuani. Wimbo wangu ulikuwa umesafiri, wote, mistari minne kwa sauti yangu. Asubuhi hiyo ulimfikia Athumani pwani, ameshika tezo, anachonga ubao.

Na hatua ishirini kutoka kwake, Lali wangu alikuwa amekaa chini ya mashua, anapiga kalafati, anaimba: Fundi ulikuwa mbio, pamba hukuieneza...

Alijua hiyo miwili tu. Hakuwa na simu ya kupokea sauti, hakuwa uani kwa wanawake, hakujua habari ya mshono, hakujua kuna mistari mingine. Alikuwa anajiimbia mwenyewe, akijikumbusha asifanye haraka!

Mzee mmoja wa pale pwani aliyeona yote alinisimulia. Athumani alikuja akasimama juu yake. Akamwambia, "Rudia." Lali akainua uso, akatabasamu, akasema, "Umeupenda, kaka? Wa dada huo!" Akarudia, na safari hii akapiga na nyundo yake kwenye ubao kuweka mapigo. Halafu akaiweka nyundo chini apate pamba nyingine.

Athumani aliiokota ile nyundo. Pigo moja tu, upande wa kushoto wa kichwa. Kisha, mzee akasema, Athumani aliketi mchangani kando yake, akakiweka kichwa cha Lali pajani pake, akaanza kuita watu.

Mimi nilikuwa namimina kahawa.

Lali hakufa. Siku nyingi hospitalini alilala kama mti. Alipofumbua macho, mkono wa kulia na mguu wa kulia havikuwa vyake tena. Na maneno yalikuwa yamekwenda. Alifungua mdomo, akajaribu, jasho likamtoka, lisitoke hata "maji", hata jina langu. Daktari alinieleza kwa upole kwamba sehemu ya kichwa inayotengeneza maneno ndiyo iliyoumia.

Nikamchukia Athumani. Nilitaka afungwe mpaka ndevu zake ziwe nyeupe. Ndugu zetu wa Chovai walikuja wakakaa nami, wakanishauri kabla ya siku ya mahakama. Walisema, "Mtetezi wake atasema alichokozwa. Wewe sema ule ni wimbo wa kazi tu, hauna mtu." Nikakubali. Nilikubali haraka sana.

Hapa nieleze jambo, maana wengi wetu tunalitumia neno hili vibaya. Mtu akipiga husema, "Alinichokoza!" na anadhani amemaliza. Mahakamani, kama nilivyoelezwa siku ile, kuchokozwa hakufuti kosa. Aliyepiga amepiga. Kunaweza kupunguza uzito wa adhabu, basi, na hata hivyo kuna maswali ya kujibu. Je, jambo lenyewe lingemtoa mtu wa kawaida wa mahali pale katika akili yake, au ni huyu tu mwenye hasira za karibu? Je, alipiga pale pale, damu ikiwa bado ya moto, au alipata muda wa kupoa akaja kwa kukusudia? Na alichofanya kinalingana vipi na alichofanyiwa? Mnaona? Hawakuulizi tu kama ulikasirika. Wanauliza hasira hiyo ilikuwa na umri gani.

Nilipokuwa nasikiliza nilimkumbuka bibi na sahani yake. Hakwenda shule hata siku moja, lakini alilijua hilo.

Hakimu alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti. Kesi ilikwenda kwa Kisomali, lakini wimbo ni wa Kibajuni, Kiswahili chetu cha visiwani, na hakukuwa na wa kuueleza vizuri kuliko mtungaji wake.

"Walaal," aliniambia, yaani ndugu yangu, "maneno haya yana maana gani?"

Nilikuwa nimeshaapa. Nikamwangalia Athumani, amekonda, anatazama miguu yake. Nikamfikiria Lali kitandani. Nikasema, "Ni wimbo wa kazi. Wa kuwahimiza mafundi wasifanye haraka. Hauna mtu."

Nilisema uongo mbele ya watu, nikiwa nimeapa! Mimi mwalimu wa watoto!

"Na huyu ndugu aliyemezwa na maji?"

"Ni mfano tu."

Hapo Zeinabu akasimama nyuma. Hakuitwa, hakuruhusiwa. Askari akamwambia aketi, hakuketi.

"Si mfano," alisema. "Ni Shee. Pamba hiyo ni kweli haikuenezwa. Nilimwambia mimi huyu, tukifua nguo. Mimi ndiye niliyeitoa siri ya mume wangu, si wimbo."

Mnaelewa alichofanya? Mumewe alikuwa hajui ni nani aliyetoa siri. Alidhani labda watu walikisia. Ili kumwonyesha hakimu kwamba mumewe alichomwa penye kidonda cha kweli, Zeinabu alilazimika kujifichua mbele yake. Athumani aligeuka taratibu akamtazama. Sijawahi kuona mtu akitazamwa hivyo... hapakuwa na hasira ndani yake. Alimtazama kama anayesoma jina la mtu asiyemjua.

Hakimu akanirudia. "Walaal, nakuuliza tena."

Sasa nikasema. Nilieleza neno kwa neno, kama ninavyowaeleza watoto wangu, mbio ni nini, pamba ni nini, nani alimezwa. Nilieleza sheria za ua, na sahani, na kwamba sahani yangu ilikuwa bado imefunikwa nyumbani wakati nyundo inaokotwa. Nilieleza kwamba Lali alijua nusu tu. Sauti yangu haikutetemeka. Nadhani mtu akianguka kutoka juu sana hafiki chini upesi.

Kisha nikajitetea. Nikasema, "Lakini na mimi nilichokozwa! Walimwimba ndugu yangu kwanza."

Akaniuliza swali dogo tu. "Wimbo huu uliutunga pale pale, walipokuimbia?"

"Hapana."

"Lini?"

"Siku tatu kabla."

Aliandika. Hakukuwa na haja ya kusema, maana swali la umri wa hasira nilikuwa nimeshalielewa. Athumani alipiga damu ikiwa ya moto. Mimi kisu changu nilikinoa siku tatu mapema, nikiwa nakanda unga, bila mtu kunigusa.

Alipotoa hukumu alieleza kwamba Lali hakuwa mchokozi, hakumkusudia mtu ubaya, na jina lake ni safi. Lakini Athumani, kwa alivyoyasikia na kuyaelewa pale, aliamini anachezewa na kifo cha mdogo wake, na mtu yeyote wa pwani hii angetikisika. Kwa hiyo ana hatia, na atafungwa, ila si kwa muda ule niliokuwa nimeutamani. Ushahidi wangu mimi ndio uliomfupishia.

Watu walipokuwa wanatoka, nilimfuata hakimu mpaka mlangoni. Nikamwuliza, "Na mimi?"

Hakunielewa mara moja.

Nikasema, "Yeye amepata adhabu yake. Mimi yangu ni ipi? Nilianza mimi."

Akafikiri. Akaniambia kwa upole kwamba uongo wangu nimeurekebisha mwenyewe kabla hajaamua, hataufuata. Na wimbo uliimbwa harusini kwa desturi. "Umekosa, walaal," alisema, "lakini sheria haina pa kukuweka."

Sheria haina pa kuniweka! Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Aliye jela anahesabu siku, siku zikiisha anatoka. Mimi nitatoka wapi, na sikuingizwa popote?

Athumani amekataa kutembelewa na mkewe. Hajamwacha, ila akienda pale anarudishwa na chakula chake. Zeinabu sasa anakaa kwa kaka yake. Kila Ijumaa asubuhi ninakaanga kaimati, nazipanga kwenye ile sahani ya maua, nazipeleka. Hafungui. Naiacha kizingitini. Jioni naikuta kizingitini kwangu, kaimati zote ziko vile vile, hata shira haijaguswa. Hajanitukana, hajanisema kwa mtu. Ningefurahi angenitukana.

Nimeacha kutunga. Harusini siendi. Wa kwetu wananiambia yamekwisha, njoo, tunakuhitaji... Siwezi.

Lakini ninyi mnaonisoma, mlioko kambini, Mombasa au nchi za mbali, ninyi mnaocheza na maneno harusini na siku hizi kwenye simu, sikieni. Siwaambii msichekane. Kuchekana ni uhai wetu! Tuchekane mpaka machozi yatutoke. Ila kabla hujatoa neno, jiulize umelipata wapi. Kama ulipewa na rafiki mwenye povu mikononi, si lako, huna ruhusa ya kulipamba. Na ukijikuta unasema "na mimi nilichokozwa", rudi nyuma uhesabu: neno hili nilikuwa nalo tangu lini? Kama lilikuwepo kabla ya kuchokozwa kwako, basi usimdanganye mtu. Na ukikosa, usingoje adhuhuri. Wenye sifa waache mlangoni, wakungoje wao. Beba sahani yako uende ingali ya moto. Bado unaweza, wewe. Hilo ndilo linalonipa moyo wa kuandika haya yote, kwamba kati yenu yuko mmoja ambaye sahani yake bado haijachelewa.

Sasa niwaambie la Lali, nimalize.

Mwezi wa tano baada ya kuumia, nilikuwa namlisha uji uani. Nilikuwa nagonga kijiko kwenye bakuli, tok tok, kuudondosha. Ghafla akafungua mdomo, na maneno yakatoka! Safi, yote, bila kukwama:

Fundi ulikuwa mbio, pamba hukuieneza...

Daktari alinieleza baadaye kwamba huwa hivyo. Mtu anaweza kupoteza maneno yote, ila wimbo ukabaki, kwa kuwa unakaa mahali pengine kichwani. Katika nyimbo zote alizoimba maishani mwake, umebaki huo.

Anauimba kila siku. Anafurahi kwelikweli, macho yanang'aa, mkono mzima unapiga mapigo kwenye goti, kwa kuwa ni maneno pekee yanayomtii. Nimejaribu kumfundisha mwingine, wa mama, wa kubembelezea watoto. Anaanza nami neno moja, mawili, kisha anateleza anarudi kwenye ule ule. Siwezi kumnyamazisha. Nitamnyang'anyaje mtu maneno yake matano... kisha nimwachie nini?

Na hajui mwisho wake. Akifika "hukuieneza", husimama. Anajua wimbo haujaisha, yeye ni mtu wa nyimbo. Hunigeukia, mdomo umeachama kidogo, uji umemganda kwenye ndevu, ananitazama kwa subira, kama alivyosimama siku ile mlangoni na kikombe cha chai akiniambia nimpe wote. Ananingoja mimi niendelee.

Ninachota kijiko kingine. Namlisha. Anameza, anatabasamu, anaanza tena mwanzo.